Kwa nini jiko la umeme la bei nafuu mara nyingi hudumu kuliko la bei kubwa?

Ukiingia duka la vyombo vya umeme Kariakoo au katikati ya Nairobi ukiulizia jiko la umeme lenye oveni, utaonyeshwa aina mbili. Moja lina pleti nne nyeusi za chuma juu na swichi za kuzungusha mbele. Jingine juu ni kioo kitupu, lina tarakimu zinazowaka na linawashwa kwa kuguswa na kidole. Hilo la kioo laweza kuuzwa mara mbili ya bei ya mwenzake, na mnunuzi hudhani nyongeza hiyo analipia uimara. Sivyo. Analipia urembo, wepesi wa kufuta na pengine kasi. Kwa umeme tulionao na kwa mapishi yetu, lile la pleti za chuma ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuzeekea jikoni.

Sababu imejificha ndani ya pleti. Humo mna waya wa nikeli na kromi uliozingirwa na unga unaopitisha joto lakini usioruhusu umeme kupita. Umeme ukipita kwenye waya huo unakutana na ukinzani, waya unapata moto, chuma kinaupokea. Mchanganyiko huo wa metali ulipewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh. Ubora wake ni kwamba kromi ikipata moto hujivika utando mwembamba unaozuia hewa kuula waya, kwa hiyo waya unaweza kuwaka miaka na miaka bila kukatika.

Swichi yake nayo ni werevu wa kizamani. Pleti ya kawaida ina nyaya tatu. Swichi ya namba 0 hadi 6 kazi yake ni kuzipanga tu. Kwenye 6, kila waya unapata umeme wake peke yake na zote zinawaka kwa nguvu. Kwenye 1, umeme unalazimishwa kupita wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, ukinzani wa zote unajumlika, umeme unapita kidogo na joto ni la kupashia maziwa. Hakuna kompyuta humo. Kikiharibika kitu ni pleti au swichi, na fundi wa mtaani mwenye tesa na bisibisi anakibadilisha siku hiyo hiyo. Pleti yenye doa jekundu katikati ni ya moto wa haraka, na ndani yake mna kikata joto kinachopunguza umeme ikiachwa inawaka bila sufuria. Ukipata jiko lenye angalau moja ya hizo, chukua.

Jiko la kioo la kawaida bado lina nyaya za moto chini yake, ila limeongezewa vidhibiti. La indaksheni ndilo tofauti kabisa. Linatumia sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde ili sufuria yenyewe ndiyo ipate moto. Ni teknolojia nzuri na inapoteza joto kidogo mno. Lakini inategemea bodi ya elektroniki na feni ya kuipoza, na hapo ndipo maadui wanapoingia: umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, mvuke wa chumvi wa pwani, na mende wanaopenda kulala penye vuguvugu. Bodi ikiungua, mara nyingi bei ya spea inakaribia bei ya jiko jipya. Tena sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, ambazo kwenye indaksheni ya kawaida hazipati moto hata kidogo. Pima kwa sumaku ya mlango wa friji: isiponasa chini ya sufuria, hesabu gharama ya sufuria mpya juu ya bei ya jiko.

Halafu kuna ugali. Watengenezaji wengi wa majiko ya kioo hawakuwahi kumfikiria mtu anayesonga ugali wa watu wanane, sufuria ameibana kwa mguu wa chuma au kwa kitambaa, mwiko unagonga. Pleti ya chuma inavumilia. Kioo hakiogopi uzito wa kawaida, kinachokiua ni kugongwa kwa kona ya sufuria nzito. Kabla ya kulipa, shika kona ya jiko dukani ulitikise. Likicheza likiwa tupu, siku ya ugali litatembea.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe, maana hapa ndipo lawama nyingi hutupiwa jiko lisilo na kosa. Joto la pleti hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, jambo la kawaida jioni mtaa mzima ukiwa umewasha, pleti ya wati 1,500 inabaki na wati 920 hivi. Wali unachelewa, mpishi anasema jiko limechoka, kumbe ni umeme mdogo. Pleti haidhuriki na hali hiyo, inapika polepole tu. Chombo cha elektroniki hukataa kuwaka au huanza kuonyesha herufi za hitilafu.

Kuhusu ulaji wa umeme, pleti ya chuma ina dosari yake na haifai kuifunika. Inabidi ipashe moto chuma chake chenyewe kwanza. Chuma cha kilo moja na nusu kikipandishwa hadi nyuzi 400 kinameza takriban uniti 0.07, umeme ambao ungetosha kuchemsha maji ya vikombe vitatu vya chai. Ndiyo maana kuchemsha kikombe kimoja kwenye pleti ni hasara, birika la umeme linafaa zaidi. Lakini joto hilo si lazima lipotee. Zima pleti dakika kadhaa kabla wali haujakauka, itamalizia yenyewe. Sufuria iwe na kitako bapa, kwa sababu ile iliyobonyea au kuviringika inagusa pleti kwa sehemu ndogo tu na joto linalobaki linapasha hewa ya jikoni.

Kwa maharage, makande na makongoro, hakuna pleti ya aina yoyote inayoshindana na jiko la presha la umeme. Maharage ya saa mbili kwenye pleti yanaweza kula uniti moja au zaidi. Kwenye presha, mvuke umefungwa, chungu kimezungushiwa kizuia joto, na umeme unajikata wenyewe mara kwa mara, hivyo nusu uniti kwa kawaida inatosha. Kwa maoni yangu, mwenye fedha za jiko moja kubwa la kifahari angefaidika zaidi akinunua la kawaida la pleti na kwa chenji inayobaki akachukua presha.

Tanzania kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji hataitaja. Mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la unafuu hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za mwezi. Uniti inayofuata inaruka hadi 350. Ukipikia umeme uniti mbili kwa siku, hizo ni 60 kwa mwezi, na friji peke yake inaweza kukumalizia zilizobaki. Anayeanza kupikia umeme ajue mapema kwamba huenda akatolewa kwenye kundi hilo na kuingizwa la kawaida, ambako uniti moja pamoja na kodi inafika takriban shilingi 356. Bado mara nyingi unaweza kushinda mkaa, hasa ukiwa na presha, lakini hesabu iwe ya bei hiyo na si ya shilingi 100.

Gharama iliyosahaulika kuliko zote ni waya. Chukua pleti nne za jumla ya wati 6,000 na oveni ya wati 2,000. Vyote vikiwashwa pamoja ni ampea 35 hivi. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, sawa na wati 3,000. Kwa hiyo jiko kamili la umeme linahitaji laini yake kutoka kwenye sakiti breka, kwa kawaida waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32 (jiko halitumii pleti zote kwa nguvu zote kwa muda mrefu), pamoja na swichi yake ukutani. Ekstensheni hapana, hata ile nene.

Wengi wanadhani wamekwepa tatizo hili kwa kununua jiko la mchanganyiko, gesi tatu na pleti moja, oveni ya umeme chini. Ni chaguo zuri kwa nyumba nyingi, umeme ukikatika chakula hakilali. Lakini piga hesabu: oveni wati 2,000, pleti wati 1,500, jumla ampea 15. Plagi ya ampea 13 ukiifanyia hivyo kila Jumapili, keki ndani na nyama juu, itaanza kubadilika rangi, kisha kuyeyuka. Fundi akufungie laini, au uwe na mazoea ya kuwasha kimoja kimoja.

Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, nao usifanyiwe mzaha. Ukigusa jiko ukiwa pekupeku ukasikia linakutetemesha, zima kwenye breka umwite fundi. Na kwa watu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa: oveni iliyokaa miezi bila kuwashwa inaweza kukata breka siku ya kwanza. Ule unga ndani ya elementi hunyonya unyevu wa hewa na umeme ukavujia kwenye bati la jiko. Fundi huikausha elementi na mara nyingi inarudi kazini, kwa hiyo usikimbilie kununua mpya. Pleti nazo hushika kutu upande huo wa nchi. Zipake mafuta ya kula kidogo sana zikiwa na vuguvugu, basi.

Dukani, fungua mlango wa oveni uuache nusu: bawaba nzuri inaushikilia hapo hapo. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango uone kama umekaa vizuri pande zote. Uliza kama pleti na elementi za modeli hiyo zinauzwa kivyake, na muuzaji akuonyeshe moja. Akianza kusema jiko hili haliharibiki, hamia duka la pili.

Kwa wanaonunua mtumba, soma kibandiko cha nyuma. Majiko yaliyotumika Uingereza au Dubai ni ya volti na mzunguko kama wetu, hayana shida. Yanayoletwa na ndugu kutoka Marekani ni habari nyingine. Pleti zake hutumia volti 240 na zitawaka, lakini taa ya oveni, saa na vidhibiti vyake mara nyingi vimetengenezwa kwa volti 120, zinazopatikana kwa waya wa kati ambao mfumo wetu hauna. Na ikiwa saa yake ni ile ya zamani inayofuata mzunguko wa umeme, iliyokusudiwa hezi 60, kwa hezi 50 za kwetu itachelewa dakika kumi kila saa.