Ushirikiano wa kitiba ni nini?

Mtu anapoanza tiba ya kisaikolojia huuliza mambo mawili: itachukua muda gani, na mtaalamu anatumia mbinu gani. Ana haki ya kuyauliza. Lakini liko jambo ambalo, kwa nilivyoona katika kazi hii, lina uzito kuliko mbinu yenyewe, nalo ni ushirikiano wa kitiba: namna mteja na mtaalamu wanavyokubaliana kuhusu kazi iliyo mbele yao, na wanavyoaminiana katika kuifanya.

Wengi hudhani maana yake ni mtaalamu kuwa mpole na mteja kumpenda. Upole unasaidia. Hata hivyo, mteja anaweza kumpenda sana mtaalamu wake, akavifurahia vikao vyote, na mwaka ukaisha hajapiga hatua. Yupo pia anayekuja kakunja uso, anabisha kila anachoambiwa, na kazi ikaenda vizuri kwa sababu wote wawili wanajua wanatafuta nini.

Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, aliligusia jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, lakini maelezo tunayoyategemea leo yalitolewa mwaka 1979 na Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani. Aliyagawa mafungu matatu: malengo, kazi na ukaribu.

Malengo yanaonekana rahisi mpaka umpokee kijana aliyeletwa na wazazi. Wazazi wanataka awe mtiifu na masomo yapande. Yeye anataka aachwe. Ukianza kufanyia kazi lengo la wazazi, atakaa pale akitazama saa. Mimi humuuliza kuna nini kinachomsumbua yeye mwenyewe, hata kiwe kidogo namna gani, na mara nyingi jibu huwa ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja: halali usiku. Basi tunaanzia kwenye usingizi. Yale mengine yatakuja, au hayatakuja, lakini angalau sasa tuko wawili katika kazi hii.

Fungu la pili, kazi, ndilo linalosahaulika kuliko yote. Chukua mtu anayepatwa na mashambulizi ya hofu: moyo unamwenda mbio ghafla, kifua kinabana, anaamini anakufa. Akishapimwa na daktari na kuonekana moyo wake ni mzima, mojawapo ya njia za kumsaidia ni kumfanya apumue harakaharaka palepale kikaoni, au azunguke kwenye kiti, mpaka hali ileile anayoiogopa imjie. Kwa asiyejua sababu yake, haya ni mateso. Kwa aliyeelezwa kwamba mwili unahitaji kujifunza kuwa moyo kwenda mbio si kifo, na akaafiki, ni zoezi gumu alilolichagua mwenyewe. Zoezi ni moja, na tofauti imo katika makubaliano yaliyolitangulia.

Ukaribu ni kule kuamini kwamba huyu mtu ananiheshimu na yuko upande wangu. Hujengwa na mambo madogo: kuanza kwa wakati, kutunza siri na kusema mapema ni lini siri haitatunzwa, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini, na kukumbuka jina la dada yake aliyemtaja wiki iliyopita.

Je, kuna ushahidi? Upo mwingi. Mwaka 2018, Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 295 zenye wateja zaidi ya 30,000. Walikuta kwamba ushirikiano unapokuwa imara, matokeo ya tiba huwa mazuri zaidi, iwe tiba ya aina gani. Uhusiano huo wa kitakwimu ni wa wastani, kama 0.28 katika kipimo ambacho 0 ni kutokuwapo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, na sipendi kuukuza kupita kiasi. Inawezekana pia kwamba mtu anayeanza kupata nafuu ndiye anayezidi kumwamini mtaalamu wake. Nadhani yote mawili hutokea.

Kinachonigusa zaidi ni pale ushirikiano unapotibuka, maana hutibuka hata penye nia njema. Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran walieleza sura mbili za jambo hili. Kuna mteja anayekukabili waziwazi: “Haya tunayofanya yananisaidia nini?” Na kuna anayejiondoa kimyakimya. Huyu wa pili ni rahisi kumpoteza, kwa sababu anaitikia kila kitu. “Sawa.” “Ndiyo.” “Nitajaribu.” Anatabasamu huku akisimulia jambo chungu.

Hapo mimi husimamisha mazungumzo na kusema, kwa mfano: “Naona tangu tulipomtaja baba yako unanijibu kwa neno moja. Kuna kitu nimesema kimekuumiza?” Kimya. Kisha: “Umenitaka nimsamehe.” Pengine neno kusamehe halikutamkwa kabisa. Kujitetea wakati huo ni kumfunga mdomo. Namuuliza alipolisikia hivyo ilikuwaje kwake, na mara nyingi mlango wa yale tuliyokuwa tukiyazunguka hufunguka hapo. Wateja wengi wamefunzwa na maisha kwamba ukilalamika unaadhibiwa au unaachwa. Kulalamika mbele ya mtu, naye akabaki, akasikiliza na asikasirike, ni tiba kamili kwa baadhi yao.

Kwa hiyo ikiwa uko katika tiba sasa, una haki ya kuuliza mnatafuta nini na kwa nini mnafanya zoezi fulani, na kusema lililokukera hata kama limepita wiki kadhaa. Mtaalamu mzuri atashukuru, kwani vitu vingi hatuvioni bila kuambiwa. Ukiyasema na bado ukaona husikilizwi, omba kuhamia kwa mtaalamu mwingine. Huhitaji kisingizio, na uliyenaye sasa anapaswa kukusaidia kumpata.