Je, wajua kwa nini faili la hifadhidata halipungui hata ukifuta nusu ya rekodi zake?

Mama mmoja mwenye duka la jumla Chake Chake alinipigia simu asubuhi, hata milango hajafungua. Programu ya mauzo niliyomtengenezea kwa Access, programu ya Microsoft ya kutengenezea hifadhidata, ilikuwa inakataa kupokea risiti mpya. "Mwanangu, jana nimefuta mauzo yote ya miaka mitatu ya nyuma. Nimekaa nayo hadi saa nne usiku. Mbona faili liko vile vile?" Nilipofika nikalitazama. Lilikuwa gigabaiti 2 kasoro kidogo, na kufuta kote kule hakukurudisha hata megabaiti moja.

Gigabaiti 2 ndiyo mwisho wa faili la Access, na imekuwa hivyo tangu toleo la 2000. Toleo la 97 liliishia gigabaiti 1. Likifika hapo halipokei tena, hata kama diski ya kompyuta ni tupu. Mama yule alifanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya: vitu vimejaa, basi ondoa vya zamani. Lakini ndani ya hifadhidata kuondoa kitu na kuondoa nafasi yake ni kazi mbili tofauti, na amri ya kufuta hufanya ile ya kwanza tu.

Chukulia mlolongo wa fremu za biashara pale Darajani. Mpangaji wa fremu ya katikati akihama, jengo halifupiki. Fremu inabaki, mlango umefungwa, na mara nyingi hata kibao cha jina lake bado kipo juu ya mlango. Faili la hifadhidata limejengwa hivyo hivyo. Data imepangwa katika kurasa za ukubwa mmoja. Kwa Access ya leo kila ukurasa ni baiti 4096, na SQLite, hifadhidata nyengine inayotumika ndani ya programu nyingi, nayo huanza na ukubwa huo usipoubadilisha. Ukifuta risiti, programu huandika mahali fulani kwamba sehemu ile ni tupu, basi. Urefu wa jengo ni ule ule, na Windows inapokuonyesha ukubwa wa faili inapima jengo, haihesabu wapangaji.

Sasa kwa nini waliounda programu hizi wasizisogeze tu rekodi zilizobaki ili kuziba pengo? Tuseme risiti uliyofuta iko karibu na mwanzo wa faili la gigabaiti moja. Kuziba pengo lake kunataka kila kilicho nyuma yake kisomwe na kuandikwa upya hatua moja mbele. Karibu gigabaiti nzima ihame kwa ajili ya risiti moja ya kilo mbili za sukari! Na zito zaidi ni faharasa. Kila hifadhidata ina faharasa zinazosema rekodi fulani iko ukurasa gani, kama daftari la mlinzi wa soko lenye maneno "muuza vitambaa, fremu ya 214". Sogeza fremu moja na daftari lote limekuwa la uongo. Ongeza na karani wa pili ambaye muda huo huo anauza kwenye kompyuta nyengine akitumia faili hilo hilo kupitia mtandao wa dukani. Kuacha pengo na kuliwekea alama ndio uamuzi wa busara, nami ningeufanya huo huo.

Isitoshe, duka linalofuta leo litauza kesho. SQLite huweka orodha ya kurasa zilizo wazi, na rekodi mpya zikija hupewa hizo kwanza. Kwa hiyo faili la SQLite ambalo limekataa kupungua mara nyingi si gonjwa. Lina vyumba vinavyosubiri wageni. Sioni haja ya kulibana, yaani kuliandika upya bila mapengo, kila wiki, ingawa najua wenzangu wengi wa kazi hii hufanya hivyo.

Access si mwepesi hivyo wa kutumia tena mapengo yake, na yenyewe huunda vitu vya muda vya siri inapotafuta majibu ya maswali yako, kisha nafasi yake inabaki ndani ya faili. Katika miaka yangu ya kazi, kilichonivimbishia mafaili kuliko chochote ni majedwali ya muda: ripoti ya jioni inajaza jedwali, inachapishwa, jedwali linafutwa, na kesho tena. Programu ya mama yule ilikuwa na ripoti ya aina hiyo, na niliyeiandika ni mimi. Siku ile ile nikayatoa majedwali hayo na kuyaweka katika faili lao peke yao, ambalo programu inaliunda upya kila asubuhi. Likivimba, linatupwa. Kwa anayejenga programu za namna hii hapa kwetu, hilo ndilo badiliko moja ningemwomba alifanye kabla ya jengine lolote.

Waliotumia dBASE na FoxPro, programu za hifadhidata za zamani, maofisini watalikumbuka jambo hili kwa sura nyengine, tena iliyo wazi zaidi. dBASE ilitokana na programu aliyoiandika Wayne Ratliff huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila rekodi katika faili lake hutanguliwa na herufi moja. Rekodi ikiwa hai herufi hiyo ni nafasi tupu, na ukitoa amri ya DELETE inageuzwa kuwa kinyota. Ndiyo kazi yote iliyofanyika. Jina la mteja, deni lake na tarehe yake vyote viko pale pale, na amri ya RECALL huondoa kinyota ukarudishiwa mtu wako mzima. Mpaka uitoe amri ya PACK ndipo zenye vinyota huachwa nje na faili kupungua. Naupenda mpango ule kwa sababu haumfichi mtumiaji kitu. Nimewahi kurudisha orodha nzima ya wanafunzi wa skuli moja kwa RECALL tu, siku mbili baada ya kufutwa kwa bahati mbaya.

Ndugu wa PACK katika Access ni amri ya Compact and Repair Database, na katika SQLite ni VACUUM. Zote hujenga mlolongo mpya wa fremu, mfupi, zikahamishia humo wapangaji waliopo tu na kuandika faharasa upya. Ndiyo maana diski yenyewe iwe na nafasi ya kutosha, kwani kwa muda jengo la zamani na jipya huwepo pamoja. VACUUM yaweza kutaka nafasi ya mara mbili ya ukubwa wa faili.

Kwa Access, kila mtu atoke kwanza. Angalia folda: ukiona faili dogo lenye jina lile lile na mwisho wa .laccdb, kuna aliyesahau kufunga programu yake, au kompyuta ilizimika ikiwa wazi. Nakili faili, ulete nakala kwenye diski ya kompyuta unayoifanyia kazi, ubane hapo, ulifungue ukague, ndipo ulirudishe. Usilibane likiwa mbali huku waya wa mtandao ukipita chini ya magunia ya mchele. Na usitegemee ule mpangilio wa kubana kila programu inapofungwa. Kama umegawa kazi vizuri, fomu zikiwa kwenye kompyuta ya kila karani na data katika faili moja la pamoja, mpangilio ule hubana faili la fomu tu. Lile la data, ambalo ndilo linalovimba, haliguswi.

Kisha umeme. Waliokuwa Unguja hawajalisahau giza la miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kebo ya baharini kutoka bara ulipokatika. Siku hizi ukikatika ni kwa muda mfupi, lakini dakika moja yatosha kukuharibia kazi ya kubana iliyofika katikati. Mimi hufanya kazi hii kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, na nakala ya faili la asili sijaifuta.

Kuna upande wa siri pia. Kile kibao cha jina kilichobaki juu ya mlango kinasomeka. Mtu mwenye programu za kuokoa data anaweza kusoma rekodi zilizofutwa kama faili halijabanwa wala mapengo hayajaandikwa juu yake. Simu za Android nazo huweka mambo mengi katika SQLite. SQLite ina mpangilio uitwao secure_delete ambao huandika sifuri juu ya kilichofutwa. Programu ikishika deni za watu au habari za wagonjwa wa zahanati, mimi huuwasha tangu siku ya kwanza.

Faili la mama yule lilipomaliza kubanwa halikufika hata megabaiti 400, na risiti ya kwanza ya siku ikatoka. Alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na zile za kale, sasa ndiyo zimeondoka kweli?"

Nikamwambia, "Humu zimeondoka, mama. Nakala ulizokuwa ukichukua kila mwezi ziko wapi?"

Akavuta mtoto wa meza na kutoa flashi tatu zilizofungwa kwa mpira, moja ina kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wake: mauzo yote.