Kabla ya Kutia Sahihi: Ni Lini Umwone Wakili, na Ni Lini Ujisimamie

Mkazi wa Nairobi akipatwa na jambo la kisheria, kwanza humuuliza jirani, kisha chifu, kisha binamu anayefanya kazi karibu na korti. Wakili huja mwisho, karatasi ikiwa imeshatiwa sahihi na pesa zimeshatumwa. Hapo kazi yake huwa ngumu na ghali, na mara nyingine haiwezekani tena. Wakati huohuo kuna watu wanaolipa maelfu ili wafanyiwe jambo ambalo sheria imewawekea njia ya kulifanya wenyewe. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa sana, na kwa kila moja tunaonyesha mahali ambapo wakili anahitajika kweli.

"Amekataa kunilipa. Nimpeleke polisi?"

Deni la kawaida si kosa la jinai. Kudai madeni si kazi ya polisi, na ukimkamatisha mtu ili atishike alipe, anaweza kukugeuzia kibao akakushtaki wewe. Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi katika korti za Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000: mkopo, bidhaa zilizochukuliwa bila kulipiwa, kazi uliyofanya, mali iliyoharibiwa, hata majeraha ya mwili. Sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Unasimama mwenyewe, unaongea Kiswahili ukitaka, na fomu zake hazihitaji mtaalamu kuzijaza. Isiyopokea ni mizozo ya umiliki wa ardhi, kesi za kuchafuliwa jina na kesi za ajira.

Kinachowaangusha wengi pale ni ushahidi. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha kuwa pesa zilitoka kwako zikaenda kwake. Haionyeshi kuwa ulikuwa mkopo, na mdaiwa atasema wewe ndiye uliyekuwa ukimlipa deni lake. Ujumbe wake mmoja unaosema "nivumilie, nitakurudishia mwisho wa mwezi" una uzito kuliko kurasa zote za M-Pesa. Uchapishe huku nambari ya simu na tarehe zikionekana, na usiufute kwenye simu. Kabla ya kufungua kesi, mwandikie barua ya madai: kiasi, kilitokana na nini, na siku unazompa, tuseme 14. Jua pia anapoishi au anapofanya kazi, maana hati za korti lazima zimfikie. Rufaa kutoka hapo huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hivyo ushahidi uliouacha nyumbani hutapata nafasi ya pili ya kuuleta.

"Mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli lake"

Mpangaji akidaiwa kodi, mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni azuie vyombo, au aombe amri ya korti ya kumwondoa. Kung'oa mlango, kukata stima au kuleta vijana wa mtaa hakumo katika sheria. Hata dalali akija na barua halali, ruhusa yake ni kuorodhesha vitu na kuvizuia kwa ajili ya kodi. Kukutoa ndani ya nyumba ni jambo jingine kabisa linalohitaji amri ya korti. Omba uone leseni, na ubaki na nakala ya orodha. Kama mnalipana kwa mwezi na hamna mkataba unaosema vinginevyo, ilani ya kuhama haipungui mwezi mmoja, kwa pande zote mbili.

Mwenye duka, hoteli au kibanda cha chakula ana ulinzi mkubwa zaidi, na inasikitisha kwamba wengi huupoteza kwa kutojua. Kama huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako hauzidi miaka 5, upangaji wako unalindwa na sheria ya mwaka 1965 ya nyumba za biashara. Mwenye jengo akitaka uhame, au akitaka kupandisha kodi, lazima akupe ilani kwa fomu maalum, ya muda usiopungua miezi 2. Ujumbe wa simu hautoshi, wala barua ya mkono. Lakini ilani ikiwa halali, nawe una kazi yako: ndani ya mwezi 1 mjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, kisha upeleke lalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya ilani kufika. Ukinyamaza mpaka tarehe ipite, ilani inafanya kazi yake hata kama sababu za mwenye jengo zilikuwa dhaifu. Hapa wakili anafaa mapema, hasa kama duka lina wateja wa miaka.

"Nimepata ploti Ruai kwa bei nzuri"

Kwa ardhi, mwone wakili kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia. Na awe wakili wako. Yule wa muuzaji amelipwa kumlinda muuzaji.

Anza na sachi rasmi, yaani kuangalia rejista ya ardhi inasema nini. Kwa Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni. Usikubali karatasi ya sachi iliyoletwa na broka, hata kama ina muhuri. Rejista ya ardhi kwa kawaida ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza kipande chenyewe na ukubwa wake. Ya pili inaonyesha mmiliki na tarehe aliyoandikishwa. Ukiona ardhi imebadilisha mikono mara mbili tatu ndani ya muda mfupi, simama hapo uulize kwa nini. Ya tatu ndiyo watu huipita haraka, nayo ndiyo huuma: hapo huandikwa mkopo wa benki, zuio la mtu anayedai haki, au amri ya korti.

Sachi safi bado haitoshi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kuwa kuwa na hatimiliki peke yake si ngao. Mwenye ardhi lazima aweze kuonyesha kuwa hati hiyo ilitoka mahali halali tangu mgao wa kwanza. Kama ardhi ya umma iligawanywa kinyume cha sheria, aliyeinunua baadaye kwa nia njema hujikuta mikono mitupu. Kwa hivyo wakili wako afuatilie historia nyuma mpaka chanzo, na mpima ardhi mwenye leseni aende uwanjani alinganishe mawe ya mipaka na ramani. Mpima ndiye atakayekuambia kuwa nusu ya ploti imelala kwenye hifadhi ya barabara, au kwamba ploti uliyoonyeshwa Jumamosi siyo iliyo kwenye hati.

Mashariki mwa jiji, kama huko Ruai, ploti nyingi huuzwa kwa cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi au barua ya mgao. Vyote viwili si hatimiliki. Vinaonyesha kuwa kampuni au mamlaka fulani inakutambua, na kampuni hiyohiyo inaweza kuwa imemtambua mwingine kwa ploti ileile.

Kisha angalia anayekuuzia. Kama anauza kwa niaba ya ndugu aliye ng'ambo, dai hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Kama mwenye jina kwenye hati amefariki, warithi hawawezi kuuza kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na korti, hata kama wote wamekubali na wamepiga picha ya pamoja. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mume au mke ni lazima. Kama ni shamba la kilimo, kwa mfano kule Kiambu au Kajiado, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi inahitajika, na huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Desturi ni kulipa asilimia 10 mwanzoni na kumaliza ndani ya siku 90, pesa zikishikwa na wakili mpaka mambo yakamilike. Bajeti yako iwe na ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Huo ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, na jaribio la kukusukumia wewe hutokea mara nyingi.

Jambo moja linawapoteza watu kila wiki. Mhuri wa kamishna wa viapo, ule unaopigwa kwa mia chache katika ofisi za mjini, unathibitisha tu kwamba uliapa mbele yake. Hakuna aliyesoma mkataba wako, na hakuna aliyekagua ardhi.

"Nimeambiwa niandike barua ya kujiuzulu"

Usiandike kabla hujashauriwa. Mwajiri akikufuta, ni juu yake kuthibitisha sababu, na kabla ya kukufuta alitakiwa kukueleza kosa kwa lugha unayoielewa na kukusikiliza ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Asipofanya hivyo, korti inaweza kukupa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Barua ya kujiuzulu yenye sahihi yako inavuruga yote hayo. Karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote na sina dai" ni vilevile: iombe uende nayo nyumbani, au andika juu yake kiasi ulichopokea na kwamba madai mengine unayashikilia.

Kwa mshahara uliocheleweshwa, siku za likizo (21 za kazi kwa mwaka), malipo ya ilani au cheti cha utumishi, anzia kwa afisa wa leba. Huduma yake ni bure. Wakikupunguza kazi kwa sababu ya biashara kudorora, unawadai pia fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kumbuka kuwa kesi ya ajira ina ukomo wa miaka 3, yaani lazima ifunguliwe kabla haijapita, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa. Ajali ya barabarani nayo ni miaka 3. Lakini gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Mkataba wa kawaida ni miaka 6, ardhi miaka 12, kuchafuliwa jina mwaka 1.

"Ndugu yangu amekamatwa"

Nenda kituoni, uliza kosa na nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Katiba, kifungu cha 49, inampa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wikendi, anafikishwa siku ya korti inayofuata, ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya kurudi akiitwa, hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hulipiwa kwa risiti, na hurudishwa kesi ikiisha. Bila risiti hakuna cha kudai. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande.

Kosa kubwa hutokea kizimbani. Mtu amelala seli, amechoka, anaambiwa "kubali tu, utalipa faini uende". Akikubali kosa, rufaa yake inabaki kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Hawezi tena kubisha kuwa hakutenda. Na rekodi humfuata anapoomba cheti cha tabia njema. Kama shtaka ni wizi, dawa za kulevya, kujeruhi au dhuluma ya kingono, asijibu lolote kabla ya wakili. Anaweza kumwomba hakimu muda huo waziwazi.

"Baba amefariki bila wosia"

Familia inayoelewana inaweza kufungua mirathi yenyewe: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, fomu za korti, ridhaa za warithi, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, kisha kuthibitisha hati ya usimamizi baada ya miezi 6. Kuchukua kodi za nyumba zake au kuuza gari lake kabla ya hapo ni kosa la jinai. Wakili anahitajika kukiwa na mke wa pili, mtoto aliyeachwa nje ya orodha, au biashara yenye madeni. Waislamu wanayo njia ya Mahakama ya Kadhi.

Wakili yupi, na kwa bei gani

Tafuta jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK. Leseni hutolewa kwa mwaka na huisha Desemba 31, kwa hivyo jina liwepo na lionyeshe kuwa anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Anayekupokea korido ya Milimani na kukuuliza kesi yako kabla hujaketi kwa kawaida ni mtafuta wateja. Omba barua inayoeleza kazi atakayofanya na ada yake, na risiti kwa kila malipo. Makubaliano ya kulipwa tu mkishinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, hata kama yanasikika mazuri. Akikula pesa zako, peleka lalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, au Kituo Cha Sheria, kinachosaidia maskini tangu 1973. Wanawake wenye mambo ya matunzo ya watoto, ndoa au dhuluma wanasaidiwa na FIDA, shirika la mawakili wanawake.

Siku ya kwanza peleka nakala, uache hati asilia nyumbani. Andika ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, tangu mwanzo hadi leo, pamoja na yale yanayokuaibisha: pesa uliyopokea, ujumbe wa matusi uliotuma, karatasi uliyotia sahihi bila kusoma. Sheria ya Ushahidi inamzuia wakili kuyatoa nje bila ruhusa yako, na ni heri ayasikie kwako ofisini kuliko kwa upande wa pili mbele ya hakimu.