Mafunzo mseto kazini: kila njia ipewe kazi yake

Kampuni nyingi hapa Uganda zikisikia "mafunzo mseto", yaani kuchanganya mafunzo ya ana kwa ana na ya simu, huongeza kundi la WhatsApp juu ya semina ileile ya siku mbili, basi. Wafanyakazi wanapata mambo yaleyale mara mbili. Mimi huanza kwa kuichambua kazi yenyewe: kipi kinajifunzwa kwa kusikiliza, kipi kwa mikono, kipi kwa kujadiliana.

Chukua mpokeaji wa maziwa katika kituo cha kukusanyia maziwa, kama vile vya Mbarara na Kiruhura. Kuna ya kukariri: maziwa safi ya ng'ombe, yakiwa na joto la nyuzi 20, kwa kawaida husoma kati ya 26 na 32 kwenye laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kusaidia kugundua yaliyotiwa maji. Kila nyuzi moja inayozidi 20, ongeza 0.2, kwa hiyo 27 kwenye nyuzi 24 ni 27.8. Haya hayahitaji ukumbi wala chai ya saa nne. Yatume kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, Kiswahili au Runyankole, kila ujumbe uishie na hesabu moja ya kujibu. Video inamaliza bando la mfanyakazi, na tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12. Kampuni itoe bando au Wi-Fi, la sivyo watakaojifunza ni wenye uwezo tu.

Swali lilelile lirudi baada ya siku moja, siku tatu, wiki, kisha mwezi. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda ya mkupuo.

Mkono haufundishwi na simu. Hapa natumia hatua nne zilizoenea katika viwanda vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili: mwandae mtu na uulize anajua nini; mwonyeshe polepole ukitaja sababu; afanye yeye; mwache, kisha urudi kumkagua. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa. Mkufunzi anauliza "mmeelewa?", wote wanaitikia, kazi imeisha. Hapana. Kila mmoja achanganye maziwa bila kutoa povu, maana hewa hushusha kipimo, ashushe laktomita taratibu isiguse ukuta wa silinda yenye maziwa, asubiri itulie, ainame jicho liwe sawa na uso wa maziwa, na huku akieleza kwa maneno yake kwa nini anafanya hivyo. Wanafunzi wasizidi wanne kwa mkufunzi mmoja. Wakiwa ishirini, kumi na sita wanatazama.

Uamuzi ndio mgumu. Mfugaji wa miaka mingi kaleta madebe mawili, na sampuli imefanya vipunje kwenye kipimo cha alkoholi, dalili kwamba huenda maziwa yameanza kuchacha. Utamwambiaje mzee yule, mbele ya watu? Hapo panahitaji wafanyakazi wakae dakika ishirini kabla ya zamu na kujadili kisa halisi, msimamizi akiwepo. Msimamizi asiyefunzwa atasema "pokea tu, foleni ni ndefu", na mafunzo yote yamekwisha hapo. Mfunze yeye kwanza.

Baada ya wiki mbili, pima bila kuwatangazia. Andaa sampuli tatu, moja ikiwa na mililita 800 za maziwa na 200 za maji. Usiweke maji asilimia 10 tu: maziwa ya 30 yatashuka hadi 27 hivi na bado yatapita, nawe utamlaumu mtu asiye na kosa. Aliyesoma sawa akakosea hesabu arudishiwe ujumbe wa sauti. Aliyesoma vibaya arudi kwenye silinda na mkufunzi. Aliyesoma na kukokotoa sawa, kisha akapokea maziwa yenye maji, zungumza naye pamoja na msimamizi wake.