Mafuriko yakishapita, watu wapumzikie wapi?

Mimi ni mtaalamu wa mipango miji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni maeneo ya wazi kando ya mito ya Nairobi: viwanja vya soka vya udongo, vijia, ngazi za kuteremkia mtoni, vipande vya ardhi ambavyo kwenye ramani havina hata jina. Tangu mafuriko ya 2024, katika kila kamkunji, yaani mkutano wa hadhara wa wenyeji, ninayohudhuria swali la kwanza ni nyumba. Nani atajengewa, wapi, lini? Ni swali la haki na nitazidi kuliuliza pamoja na wenyeji. Lakini lipo jingine ambalo fomu za tathmini haziliulizi kabisa. Zinahesabu mabati, vyoo, magodoro na magunia ya unga. Hakuna mstari wa uwanja wa watoto wala kibaraza ambapo wazee hucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kisichoandikwa kwenye fomu hakipati bajeti, na mtaa unarudishiwa kuta bila kurudishiwa maisha.

Masika ya 2024 yalikuta ardhi imeshashiba. Vuli ya mwisho wa 2023 ilikuwa ya El Niño, na udongo haukupata nafasi ya kukauka vizuri. Mwishoni mwa Aprili Mto Mathare na Mto Ngong ilifurika, maji yakaingia Mathare, Mukuru na mitaa mingine ya bondeni. Ukitaka kuelewa kwa nini ni huko kila mara, angalia jinsi jiji lilivyokaa. Nairobi imeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua inayonyesha Kikuyu na Westlands lazima ipitie Eastlands ndipo ifike Mto Athi. Kila uwanja wa magari unaowekwa lami huko juu unaongeza kasi ya maji huku chini. Halafu kuna udongo wenyewe: magharibi ni mwekundu unaonyonya maji, ilhali upande wa Embakasi ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kuyakataa. Ongeza kalvati zilizozibwa na takataka, na utaona kwamba aliyelala Mukuru usiku ule alikuwa akipokea maji ya jiji zima.

Shule zilitakiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili. Zikaahirishwa, na hatimaye zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Fikiria hizo wiki mbili za ziada kwa mtoto wa miaka tisa ambaye nyumba yao imeingia maji: hakuna shule, uwanja ni tope, njia zina nyaya za stima zilizolala chini, na wazazi wako mbioni kutafuta pa kulala. Mtoto huyo anahitaji chakula, ndiyo, na anahitaji saa mbili kwa siku za kukimbia na wenzake. Bila hizo, hofu inamkalia mwilini. Walimu na wahudumu wa afya ya akili wanaofanya kazi mitaani wanalijua hili vizuri. Sisi watu wa ramani tumechelewa kulisikia.

Soka ya mtaani hurudi kabla ya pesa kurudi. Nimeliona jambo hili mara nyingi kando ya mito yetu, na jinsi vijana wanavyolifanya inastahili kuelezwa taratibu. Maji yakiondoka huacha tope laini la kijivu, linalofika kifundo cha mguu. Ndani yake mna vipande vya chupa, sponji za magodoro, viatu, na maji taka, kwa sababu mafuriko hupitia vyoo vyote vya shimo kabla ya kufika uwanjani. Vijana huanza pembeni. Wanachimba mfereji mwembamba kuelekea mtoni ili maji yaliyotuama yatoke. Kisha wawili hushika ubao mrefu, mmoja kila upande, wanausukuma na kulikokota tope kama wanavyofanya mafundi wanaosawazisha zege. Anayewafuata ana beleshi na wilbaro. Jua likiwaka siku kadhaa, gamba la juu linapasuka vipande vipande na kubanduka kwa mkono. Hapo mtu anarusha mpira juu. Ukidunda wanacheza, ukikwama wanasubiri.

Nawasihi wote wanaofanya kazi hii: msiingie tope hilo peku. Gambuti na glavu ni lazima, hata kama ni za kuazimana. Gamba la juu litolewe lote lipelekwe mbali na watoto, lisirundikwe kando ya mstari. Na kabla ya mechi ya kwanza, watu wapange safu wautembee uwanja wote wakiokota vioo. Ni kazi ya asubuhi moja, na inaokoa nyayo nyingi.

Mathare ina historia ndefu ya kuunganisha mchezo na usafi. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianzishwa 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, na tangu zamani timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Hazibebi beleshi kwa ajili ya picha. Pointi zile zinaingia kwenye jedwali pamoja na za mechi. Kutokana na chama hicho ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya 2008. Nikisikia mtu akisema burudani ni anasa ya kusubiri mambo yakae sawa, huwa namuuliza: mtaro ule unaosafishwa na timu ya vijana walio chini ya miaka 14, ukiachwa, nani mwingine atausafisha?

Lakini soka ni nusu ya habari, tena nusu inayoonekana kirahisi. Wasichana na akina mama hupumzika vingine, na baada ya mafuriko wao ndio wanaochelewa kurudi kwenye raha zao, kwa sababu nguo zote zenye tope zinafuliwa na mtu, na mtu huyo tunamjua. Raha yao mara nyingi ni Jumapili alasiri: kusukana nywele kibarazani, mazoezi ya kwaya, mkutano wa chama cha kuchangiana pesa kwa zamu. Chama ni benki, na pia ni mahali pa kucheka. Akina mama huketi kwenye benchi mbili zinazotazamana, chai na mandazi katikati, daftari mapajani mwa mweka hazina. Baada ya maji, zamu ya pesa huweza kubadilishwa kwa makubaliano ya hapo hapo ili aliyepoteza godoro apewe kwanza. Uamuzi huo hauhitaji ofisi, unahitaji benchi na kivuli. Kwa hiyo ninapochora eneo la wazi, siku hizi naanza na mahali pa kuketi penye kivuli, karibu na bomba la maji, ambapo mama anaweza kumwona mtoto wake akicheza. Goli nalitafutia nafasi baadaye.

Jiji hili limewahi kugeuza mahali pa maafa kuwa pa kupumzikia, tena katikati ya mji. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliulipua ubalozi wa Marekani kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Watu 213 walikufa hapa Nairobi. Pale ubalozi uliposimama sasa ni bustani ya ukumbusho, yenye ukuta wa majina, na wafanyakazi wa mjini huketi humo kupunga upepo mchana. Wafu wanaheshimiwa na walio hai wanapumzika, yote kwenye nyasi zile zile. Korogocho nako, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza jaa la kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya umma, wakaiita People's Park. Walionyesha jinsi ukingo wa mto unavyoweza kutumika.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo mhandisi na kocha wanaweza kukaa meza moja. Chukua uwanja mdogo wa mita 60 kwa 40. Uteremshe nusu mita chini ya vijia vinavyouzunguka, uinamishe kidogo kuelekea mtoni, uweke mifereji ya kokoto chini, na ukingo uushikilie kwa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, na mianzi. Mvua kubwa ikinyesha, uwanja huo unabeba mita za ujazo 1,200 za maji, yaani malori 120 ya lita 10,000. Maji yanatuama saa chache badala ya kuingia vyumbani, kisha yanatoka polepole. Siku nyingine zote ni uwanja. Hautauzuia mto uliofurika kutoka juu, na yeyote anayeahidi hivyo anawadanganya watu. Unachopunguza ni maji ya vichochoro na mapaa ya mtaa wenyewe, na hayo ndiyo yanayoingia kwanza.

Ardhi ya kufanyia hivyo ipo, na hapo ndipo pagumu. Kanuni zetu za maji zinataja hifadhi ya mto ya kati ya mita 6 na 30 kila upande. Mei 2024 serikali ilishika mita 30, matingatinga yakabomoa nyumba Mathare na Mukuru, na Rais akatangaza shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyohamishwa. Kiasi hicho hakijengi nyumba popote Nairobi. Siwezi kuchora uwanja juu ya msingi wa nyumba ya mtu kabla ya kuuliza yuko wapi leo, na sikubali mradi wowote wa mto usioanza na jibu la swali hilo. Lakini pakiachwa tupu pia ni hasara. Ukingo usio na mwenyewe hugeuka jaa, au unauziwa watu wengine vipande vipande usiku, na masika yajayo tunazika tena.

Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya ushiriki wa umma. Nendeni mkiwa na karatasi: jina la uwanja, ukubwa wake kwa hatua, picha ya alama ya maji kwenye mlingoti wa goli, majina ya timu na vyama vinavyoutumia, na ombi moja lililo wazi, kwa mfano mtaro wa kutolea maji na benchi nne zenye paa. Mwombeni karani aigonge muhuri nakala yenu kabla hamjaondoka.