Pikipiki ya zamani isiyochaji: yanayosemwa na yanayopimika

Pikipiki ya zamani ikianza kugoma kuwaka kwa sababu betri haichajiwi, kila anayepita ana neno la kusema. Mengi ya maneno hayo yalikuwa kweli kwa mtambo fulani, kisha yakabebwa na kutwishwa mitambo yote. Kwa hiyo jua kwanza unashughulika na nini: ina dainamo (inayotoa mkondo wa upande mmoja) au alteneta (inayotoa mkondo geu), ni ya volti 6 au 12, na upande upi wa betri umefungwa kwenye fremu. Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zilifunga chanya kwenye fremu. Aliyezoea za Japani akiiweka betri kwa mazoea, anaweza kuunguza daiodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) siku hiyo hiyo.

"Weka betri mpya, mambo yataisha."

Yataisha kwa siku chache, halafu utakuwa na betri mbili zilizokufa. Betri uliyonayo ichaji kwa chaja mpaka ijae, iache saa kadhaa, ndipo uipime volti kwa mita ya umeme. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8, ya volti 6 husoma 6.3 au 6.4. Watu huona 12.0 wakaridhika, kumbe hapo betri imekaribia kwisha kabisa. Kisha washa taa kubwa huku mita ikiwa bado imeshikwa: betri nzima hushuka kidogo ikatulia, mbovu huporomoka mbele ya macho yako. Hatua hii isirukwe, kwa sababu betri mbovu hupotosha kila kipimo kitakachofuata.

"Chomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Ikizimika, haichaji."

Hili ningependa lisahaulike kabisa. Pikipiki yenye magneto (kifaa cha kuwashia chenye sumaku yake) huzalisha cheche zake yenyewe, haitegemei betri, hivyo itaendelea kunguruma hata kama haichaji kabisa. Yenye alteneta na daiodi inaweza kuumia: betri ndiyo inayotuliza volti, na ukiichomoa ghafla volti hupaa zikaua daiodi, regyuleta (kidhibiti cha volti) na balbu kwa mkupuo mmoja. Unaweza kuanza na hitilafu ya waya mmoja ukamaliza na vifaa vitatu vya kubadilisha.

Kipimo salama ni chepesi zaidi. Weka mita kwenye vichwa vya betri, soma kabla ya kuwasha, piga kiki, kisha pandisha injini hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika. Mfumo mzima wa volti 12 hupanda hadi karibu 13.8 mpaka 14.5. Zisipopanda, haichaji, zikivuka 15, inachaji kupita kiasi.

"Lazima ichaji hata ikiwa imesimama inanguruma."

Si lazima. Dainamo kama E3L ya Lucas, kampuni ya Uingereza, ilitoa wati 60 tu, tena injini ikiwa imechangamka, na balbu ya wati 30 ya taa ya mbele ilikula nusu ya hizo. Mshale wa ameta (kipimo cha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri) ukienda upande wa kutoa wakati umesimama na taa zinawaka, usianze kufungua kitu.

"Haichaji, basi koili zimeungua."

Koili ni waya zilizosokotwa ndani ya alteneta, na huenda zimeungua kweli. Ila pikipiki yenye miaka 50 ina viungio vyenye miaka 50, na mimi huanzia huko: soketi zilizoota ukijani, kifyuzi kilicholegea, rektifaya (kifaa chenye daiodi kinachogeuza mkondo geu kuwa wa upande mmoja) iliyofungwa juu ya rangi mpya ya fremu. Hili la rangi huwapata zaidi waliotoka kuifufua pikipiki kwa mapenzi yote. Imepakwa ikang'aa, na umeme umekosa njia ya kurudi.

Upotevu wa njiani hupimwa injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Ncha moja ya mita iweke pale umeme unapotoka kwenye rektifaya au regyuleta kuelekea betri, nyingine kwenye kichwa cha betri cha upande huo. Mita itakuonyesha volti zinazopotelea kati ya hapo na pale. Zikizidi 0.3, kuna kiungio kinachohitaji msasa. Rudia upande wa fremu: kutoka kwenye mwili wa rektifaya hadi kichwa cha betri kilichofungwa kwenye fremu.

Koili zenyewe, kwa alteneta ya sumaku ya kudumu yenye waya tatu, zipime zikiwa zimechomolewa kwenye soketi. Waya mbili mbili zisome omu (kipimo cha ukinzani) ndogo zinazolingana, mara nyingi chini ya 1, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha za mita ujue zenyewe zinasoma ngapi. Kati ya waya wowote na fremu kusiwe na njia kabisa. Halafu washa injini, geuza mita ipime volti za mkondo geu, na uangalie kama jozi zote tatu zinapanda kwa usawa. Kama unaweza, rudia baada ya mwendo mrefu, kwani varnishi inayofunika waya ikiwa imepasuka hitilafu mara nyingine huonekana koili zikishapata moto tu.

"Taa ya chaji ni ya kuonyesha tu."

Kwenye BMW za mfululizo ulioanza mwaka 1969, kama R75/5, mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha rota, yaani sumaku ya umeme inayozunguka ndani ya alteneta. Balbu ikiungua, alteneta nzima inaweza kukaa bila kuchaji.

"Betri inachemka, regyuleta imekufa."

Regyuleta huamua kwa volti inazoziona, na kwenye mashine kama Honda CB750 ya 1969 huziona kupitia swichi ya ufunguo. Swichi ikichakaa ikapoteza volti 1, regyuleta inaona 14.5 wakati betri inapokea 15.5. Yenyewe ni nzima, inaongeza chaji kwa sababu imedanganywa. Ukinunua mpya, nayo itadanganywa vilevile. Pima volti kwenye waya unaoingia kwenye regyuleta, linganisha na za betri, na kama hazikaribiani safisha swichi na soketi zake.

"Dainamo iliyolala miaka mingi haifai tena."

Mara nyingi imepoteza tu ile sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma chake. Angalia kwanza kaboni (vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka) kama zinateleza vizuri na kama komuteta (sehemu hiyo ya shaba inayoguswa na kaboni) ni safi. Kisha, kwa Lucas, chomoa waya zote mbili za dainamo, ya D (ya kutoa umeme) na ya F (ya koili za sumaku), na ushtue: gusisha kwa sekunde moja waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye fremu hadi kituo cha F. Baada ya hapo unganisha D na F, weka mita kati ya kiungio hicho na mwili wa dainamo, uwashe injini na uipandishe taratibu. Dainamo nzima hupandisha volti haraka bila kurukaruka, na hapo usizidishe mwendo, kwa sababu haina kidhibiti. Mshale wa mita ukirukaruka, rudi kwenye kaboni.