Fusho la Mvumbasha na Chai ya Mvumbasha Si Dawa Moja

Bibi mmoja kutoka upande wa Wete, Pemba, alifika maabara kwetu asubuhi moja na fungu la mvumbasha, kalifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Alikuwa amesikia kwamba tunapima mitishamba. Baada ya shikamoo na kukaa, nilimuuliza anautumiaje. Akanijibu bila kusita: mafua na kifua anafukiza, tumbo la kukata anachemsha mtu akanywa. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. "Chungu cha fusho, mwanangu, sikifunui mpaka mgonjwa kashaingia ndani ya shuka. Ukikifunua mapema dawa inaondoka."

Inaondoka kweli. Mengi tunayoyafanya maabara yamo ndani ya maneno hayo mawili, na ndiyo maana nimeona niyaeleze.

Mvumbasha, ambao wengine huuita kivumbasi, ni ndugu wa mrehani. Jina lake la kitaalamu ni Ocimum gratissimum. Ukilisugua jani lake kwa vidole unapasua vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa mafuta. Mafuta hayo hayatulii: yakipata joto yanageuka mvuke na kuruka. Mwaka 1981 watafiti waliouchunguza mvumbasha wa Tanzania walikuta kwamba kiungo kikuu cha mafuta yake ni eugenoli, na kwamba hiyo ndiyo inayomkimbiza mbu. Sisi wa visiwa hivi eugenoli tunaijua hata kama jina lenyewe ni geni masikioni. Ndiyo harufu ya karafuu. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli. Ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, harufu inayokupokea aghalabu ni hiyo hiyo, kwa kuwa saruji ya kuzibia jino kwa muda huchanganywa kwa unga wa oksidi ya zinki na eugenoli.

Sasa turudi kwenye shuka. Maabara tunatia majani kwenye chupa ya kioo yenye tumbo, tunaongeza maji, tunachemsha kwa saa tatu hivi. Mvuke unapanda, unapita kwenye bomba linalozungukwa na maji baridi, unarudi kuwa maji na kudondoka kwenye mrija mwembamba wenye alama za vipimo. Hapo mafuta hujitenga. Ya mchaichai huelea. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo utaliona tone la rangi ya asali likishuka polepole mpaka chini ya mrija. Waliofika kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake, wameiona kazi hiyo ikifanywa kwa matangi. Bibi yule anaifanya kwa chungu na shuka, na kinachoupokea mvuke wake ni pua na kifua cha mgonjwa.

Chai ni habari nyengine. Chemsha mvumbasha kwenye sufuria wazi nusu saa, na sehemu kubwa ya eugenoli itakuwa imeshatoka dirishani. Kinachobaki majini ni vile visivyoruka: asidi ya rozmariniki, flavonoidi, tanini. Navyo vina kazi zake, lakini si kazi za eugenoli, wala havipimwi kwa chombo kile kile. Kwa hiyo ukisikia kwamba mvumbasha "umepimwa ukaonekana unafaa", uliza kwanza: kilichopimwa ni nini? Mafuta? Chai? Au ni unga uliolowekwa kwenye methanoli, kiyeyusho cha jamii ya spiriti? Methanoli tunaitumia kwa sababu inavuta vitu vingi kutoka kwenye jani kwa mara moja, kisha tunaikausha. Lakini yenyewe ni sumu, hakuna mganga anayemnywesha mgonjwa wake, na matokeo yake peke yake hayasemi lolote kuhusu kikombe cha bibi.

Dunia ilikaribia kuikosa dawa kubwa ya malaria kwa sababu ya jambo kama hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko China, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakihangaika na aina ya pakanga inayoota kwao. Majaribio yalitoa matokeo leo, kesho yakagoma. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,600, akasoma kwamba majani yalowekwe majini kisha yakamuliwe, na maji hayo yanywewe. Neno "chemsha" halikuwamo. Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo hutokota kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawaua vimelea wote kwenye panya wa majaribio. Dawa hiyo ndiyo artemisinini, mzazi wa dawa mseto tunazomeza leo. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Kuna na suala la mvumbasha upi. Miti miwili inaweza kufanana kwa jani, kwa ua na kwa jina, lakini mmoja ukawa na eugenoli na mwengine thimoli, ile iliyomo kwenye zaatari. Hata mti mmoja haubaki vile vile kutwa. Utafiti wa Brazili uliotolewa mwaka 1999 ulionesha kwamba katika majani yaliyochumwa mchana, eugenoli ilipita sehemu tisa kwa kumi za mafuta. Yaliyochumwa saa kumi na moja jioni ilishuka hadi karibu sehemu moja. Tangu niliposoma hayo simuulizi mtu amechuma wapi tu, namuuliza na saa ngapi.

Tukishajua tuna nini mkononi ndipo tunapouliza kinafanya nini. Tunapanda bakteria kwenye kisahani chenye chakula chao, kitu kama jeli, tunaweka vijiduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, kisha kisahani kinalala kwenye joto la nyuzi 37 mpaka siku ya pili. Dawa ikiwa na nguvu, pembeni ya kijiduara panabaki uwazi wa mviringo ambao bakteria hawakuota, nasi tunaupima kwa milimita. Daima kuna kijiduara cha antibayotiki inayojulikana na kingine chenye kiyeyusho kitupu, vinginevyo hatujui tunalinganisha na nini. Ninawaomba wanafunzi na waandishi wa habari wasiuone uwazi ule wakakimbilia kusema "inatibu". Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo huacha uwazi mkubwa. Kutoka kisahani hadi mwilini kuna tumbo, ini, figo, na suala la kiasi gani kinaifikia damu.

Kiasi ndicho kinachonitisha zaidi. Kwa kuwa karafuu ni chakula, watu hudhani mafuta yake hayana madhara. Wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula wameweka kikomo cha eugenoli kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo kumi hiyo kwake ni miligramu 25, kiasi kilichomo kwenye tone moja tu la mafuta ya karafuu. Kuna mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita chache za mafuta hayo akapoteza fahamu na ini lake likaharibika. Chupa ile iwekwe juu asikoweza kufika mtoto. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari wake kabla ya kuyatumia, maana eugenoli nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Na mtoto mdogo asifunikwe shuka na chungu cha moto.

Waganga wengine husita kuja kwetu, wakihofia elimu yao itachukuliwa. Hofu hiyo ina sababu, na siwezi kuidharau. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo ni mkataba wa kimataifa, inataka mwenye elimu aombwe ridhaa kwanza na agawiwe faida ikipatikana. Kwa hiyo muulizeni mtafiti yeyote, mimi nikiwemo, karatasi ya makubaliano iko wapi kabla hamjasema neno.

Ukiamua kuleta mti, lete tawi zima lenye maua, si majani matupu, tuweze kuutambua. Lifunge kwenye gazeti, usitie kwenye mfuko wa plastiki, majani yatavunda njiani. Ikibidi kuyakausha, yaanike kivulini. Andika kijiji, siku na saa uliyochuma. Halafu tueleze unavyotengeneza, hatua kwa hatua, hata yale unayoyaona madogo: maji kiasi gani, moto muda gani, na chungu chako, unakifunika au unakiacha wazi.